Nilikataa Kusikia Sauti ya Binti Yangu

Nina miaka hamsini na mitatu, mjane, mkaaji wa Myanga upande wa Bungoma. Jina langu acheni libaki kwangu. Niiteni Mama Nafula, kwa sababu huyo Nafula ndiye amenifanya nishike kalamu. Kazi yangu ni kukodisha tenti, viti na sufuria kubwa za matanga na harusi. Huenda hata wewe umewahi kumlilia mtu wako chini ya tenti yangu na hukujua ni ya nani.

Katika kazi hii nimeona misiba ya watu wengi sana. Nilidhani uchungu naujua... Kumbe nilikuwa naujua wa majirani tu.

Mume wangu alifariki Nafula akiwa darasa la sita. Ndiye mtoto pekee Mungu alitupa, na nilimlea kwa hizo tenti. Alikuwa mtoto wa mdomo, hapiti mtu bila kumtania. Mimi aliniita mayi, vile sisi Wabukusu tunaita mama, lakini yeye alilivuta hilo neno mpaka majirani wakacheka. Akinikuta nimenuna anauliza, "Mayi, leo nani amekanyaga tenti na viatu vya matope?" Basi hasira inaisha, namwekea chai.

Aliolewa na Barasa, kijana wa Matisi pale Kitale, mpole wa maneno, shati lake limepigwa pasi kila siku. Nilimpenda, siwadanganyi. Niliwapa nusu ya tenti zangu wafungue duka Matisi, wahudumie Kitale mpaka Naitiri, mimi nibaki na Bungoma. Jasho lilikuwa lao, lakini tenti zilibaki zangu. Hilo la tenti kuwa zangu mlikumbuke.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze, la sivyo hamtanielewa. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuogopana. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatokea wa nyuma. Na kwake huendi kutembeatembea mpaka ualikwe kwa taratibu zake. Wengine siku hizi wameacha hayo, wanapigwa picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mimi sikuacha. Heshima si utumwa, ndivyo nilivyokuwa nasema, na niliwasema wenzangu walioacha.

Kwa hivyo biashara yote ilipitia mdomo wa Nafula. Nampigia simu, nasema, "Mwambie mume wako kesho ni tenti mbili Kiminini." Na Barasa amesimama hapo hapo, ananisikia vizuri, lakini anangoja aambiwe. Nafula alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Ana kikohozi chake cha tangu utotoni, kikavu, kinamjia kila akicheka au akitaka kulia.

Siku moja Nafula alikuwa sokoni, simu yake imezima, na ujumbe haukufika. Wafiwa wa Kiminini walizika mzee wao kwenye mvua bila hata turubai. Nilienda kuomba msamaha na sikuwa na pa kuweka uso. Ndipo Barasa akasema ati tutafute programu ya kutumiana meseji, ya biashara, ili mimi na yeye tuandikiane moja kwa moja bila kumsumbua Nafula.

Mngekuwepo siku ya kuichagua mngecheka. Mimi nimekaa ndani ya nyumba. Barasa amekaa nje kwa veranda, amenipa mgongo. Nafula amesimama mlangoni katikati, anageuka huku na huku.

Barasa alisema kuna ile ambayo kila mtu anayo, ya picha na sauti. Na kuna nyingine ya ofisi, ya kuandika tu. Haina picha ya mtu, haina kupigiana wala kutumiana sauti. Kila duka linapewa jina lake, moja "Myanga", moja "Kitale", na ujumbe wote unakaa hapo.

Nafula alikataa. "Mayi, tuchukue ile ya kila mtu," akasema. "Mimi nataka kukusikia. Kuandika ni ya mwalimu na chifu."

Nami nikamkatiza. Ati mkwe wangu asikie nikikohoa asubuhi kabla sijanawa uso? Aone picha zangu nikicheza ngoma ya isukuti kwa harusi, kiuno kimeenda huku na huko? Nami nimwone yeye akiwa na vesti? Haiwezekani! Nilisema hiyo ya kuandika tu ndiyo ya watu wenye adabu. Nje kwa veranda nikasikia Barasa akisema polepole, "Mwambie mama amechagua vizuri sana."

Nafula hakurudia hayo maneno kama kawaida. Aliniangalia tu, akaenda jikoni.

Kitale mjini kuna mzee wa Kisikh anayeniuzia turubai, baba yake alimuuzia baba yangu. Tunamwita Bwana Jaswant. Nilimwelezea programu yangu mpya kwa maringo. Akauliza, "Na sauti je, mama?" Nikamwambia haina. Akatikisa kichwa. Akasema yeye ana ndugu yake mwenye duka Bungoma, na kila wakifunga kazi lazima wapigiane hata kama hakuna la kusema. "Mtu anaweza kuandika 'niko sawa', mama. Lakini akisema niko sawa, mimi najua kama ni uongo." Nilicheka, nikamwambia akate turubai niende zangu.

Barasa alininunulia simu mpya kwa hiyo kazi, na laini mpya. Yeye ndiye alijaza kila kitu, cha duka la Myanga na la Kitale, na maneno ya siri ya pande zote mbili aliyaweka yeye. Mimi ningeyajulia wapi? Simu yangu ya zamani betri ilikuwa imefura, nikaiacha kwa droo, laini yake ikafa humo humo. Ilikuwa ile namba ambayo Nafula aliikariri akiwa mtoto, akaiimba kama wimbo wa nasari ili akipotea sokoni amwambie mtu. Kumbukeni na hilo pia.

Kazi ilienda vizuri, siwezi kudanganya. Oda haikupotea tena. Nafula akiandika anamalizia na jina lake, Barasa na lake. Krismasi Nafula alikuja Myanga, akaweka mkono wangu kwa tumbo lake, akangoja nielewe mwenyewe. Tulilia wote wawili pale jikoni. Nitaitwa kukhu, nyanya wa mtu! Hiyo ndiyo siku ya mwisho niliyokuwa na furaha isiyo na doa.

Baada ya hapo simu zake zikapungua. Nilisema ni uchovu wa mimba. Halafu siku moja ukaja ujumbe kutoka Kitale: "Mama, simu yangu imeanguka kwa maji. Tuandikiane hapa tu. Nafula."

Mama... Hakuandika mayi. Nililiona hilo, sitasema sikuliona. Nikajiambia ni lugha ya ofisi, mtoto amekomaa.

Nilitamani kumsikia. Nikajikaza, nikapiga simu ya duka la Matisi. Ikapokelewa. "Halo?" Ni Barasa. Wasomaji, niliikata hiyo simu kama mtu aliyeshika moto! Nilikaa naona aibu kwamba mkwe wangu amesikia pumzi yangu. Sikupiga tena.

Basi tukawa tunaandikiana. Kila asubuhi namuuliza, umekula? Miguu inavimba? Ananijibu, "Niko salama mama." Nikimuuliza mtoto, ananiandikia, "Anacheza sana, anapiga teke." Nilinunua blanketi mbili za mtoto sokoni Myanga, moja ya njano kwa sababu hatukujua ni nani anayekuja. Nikamwandikia habari ya blanketi. Akajibu, "Asante mama, Mungu akubariki." Niliyasoma hayo maneno tena na tena, nikafurahi kama mjinga.

Mvua ya masika ilikuwa imeanza wakati Kitale walipoandika kwamba lori lao limeharibika, na kuna matanga Naitiri. Wakaomba Myanga tuwasaidie. Kwa kawaida huwatuma vijana wangu, lakini siku hiyo nilisema niende mwenyewe. Naitiri si mbali na Kitale. Nilijidanganya kwamba labda Nafula akisikia niko karibu atachukua pikipiki aje tuonane.

Tulifika, tukaanza kusimamisha tenti. Wanawake wa mtaa walikuwa wanachota maji kwa ajili ya kupika, vile inavyokuwa. Mmoja alipita karibu nami na ndoo kichwani. Amekonda, leso imefungwa kiunoni, macho chini. Nilimwangalia vile unavyoangalia mtu yeyote...

Halafu akakohoa.

Nilimwangalia tena. Tumbo halikuwepo. Nilijiambia, huyo si yeye, Nafula yuko Matisi na tumbo la miezi minane. Nikatoa simu, nikaandika: "Nafula mwanangu, uko wapi saa hii?"

Jibu lilikuja upesi. "Niko hapa dukani mama, nimekaa tu, miguu inauma kidogo. Nafula."

Na Nafula wangu yuko mbele yangu, anashusha ndoo.

Nilimwita. Sijui niliita aje, kwa sababu watu wote waligeuka, hata wafiwa. Aliniona. Sikuona furaha kwa uso wake... Niliona woga. Alirudi nyuma hatua, akashika mkono wa mama mmoja aliyekuwa akiosha sufuria. Huyo alikuwa Mama Simiyu, mzazi wa rafiki yake wa shule.

"Mayi, si ulisema nisirudi kwako?" aliniambia. "Sasa umenifuata wa nini?"

Mama Simiyu ndiye alitupeleka kwake, akafunga mlango, akanieleza kwa sababu Nafula hakutaka kusema. Barasa alileta mwanamke mwingine pale Matisi, muda mfupi tu baada ya Krismasi. Nafula alipolalamika alipigwa, akanyang'anywa simu. Aliposema anaenda kwa mama yake, Barasa akamwonyesha ujumbe kwenye ile programu, umetoka "Myanga". Ujumbe ulisema kwangu hakuna nyumba ya binti aliyemshinda mume, asinitie aibu, abaki hapo au atafute kwingine. Mwenye kuandika ni Barasa mwenyewe. Si funguo za pande zote mbili alikuwa nazo yeye?

Nafula aliomba simu kwa watu akanipigia kwa namba aliyoikariri, maana ile mpya ilibaki kwa simu aliyonyang'anywa, na hakujua ya zamani ilikufa kwa droo. Imezimwa. Akapiga tena na tena, imezimwa. Akaamini nimemkana. Akaenda Naitiri kwa Mama Simiyu, na huko mimba ikatoka, mtoto amekwisha kuwa mtu kamili, wa kiume. Walimzika nyuma ya nyumba ya Mama Simiyu, chini ya migomba. Hakukuwa na tenti. Hakukuwa na nyanya wake.

"Nilitaka kukutafuta," Mama Simiyu aliniambia, "lakini akaniapisha nisikutafute. Alisema mama yake amekufa."

Na yule mwanamke mwingine, ambaye Nafula alimwacha ameshika simu ya duka, ndiye alikuwa akiniandikia. Anacheza sana. Anapiga teke. Asante kwa blanketi... Mtu mzima, mwanamke kama mimi, alikaa akaniandikia teke za mtoto ambaye yuko chini ya udongo! Walijua nikigundua Nafula hayuko, nitachukua tenti zangu. Tenti tu. Kwa ajili ya turubai na vyuma.

Nilimpa Nafula simu yangu asome. Nilidhani akiona nilivyokuwa nikimuuliza habari yake kila asubuhi, atajua nilimpenda. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwa blanketi ya njano akarudia kusoma mara mbili. Kisha akanirudishia simu.

"Umeongea na yeye miezi hii yote," akasema, "na hukujua si mimi?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia, na wewe je, ulisoma ule ujumbe mbaya na hukujua si mimi? Maneno hayo yalifika kwa ulimi, nikayameza. Yeye ni mtoto, mimi ndiye mzazi. Yeye ndiye alisimama mlangoni akasema anataka kunisikia, na mimi ndiye nilisema hapana.

Nilimpigia magoti pale pale. Aliniinua kwa adabu, kama vile unavyomwinua mgeni, akasema anarudi kusaidia kupika.

Nikiwa njiani kurudi Myanga niliandika kwa Kitale, maneno ambayo mama mkwe hapaswi kumwambia mkwe. Halikuja jibu. Kilichokuja ni maandishi kwamba nimeondolewa. Mara moja kila kitu kikatoweka: oda zote, namba za wateja wa miaka mingi, hata zile meseji za uongo ambazo zingekuwa ushahidi. Programu ya biashara yangu mwenyewe, na mimi nikafungiwa nje ya mlango. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, alienda Matisi na wazee. Walikuta tenti chache zilizochanika na duka limefungwa. Barasa na mwanamke wake wamehama, na watu wananiambia ati wameonekana upande wa Eldoret. Mimi simtafuti. Tenti zitanisaidia nini?

Wasomaji wenzangu, wenye vibanda, wenye saluni, wenye maduka ya mahindi, mnaopanga kuchukua programu ya meseji ili kazi iende haraka, nawaomba sikilizeni mama mwenzenu. Msiulize tu kama ni rahisi, kama ina adabu, kama inakaa kiofisi. Ulizeni nani anashika funguo. Kama ni biashara yako, shika wewe mwenyewe, hata kama itabidi mtoto wa jirani akufundishe pole pole. Usiue laini yako ya zamani ambayo watoto wako wanaijua kwa kichwa. Na damu yako usiiache kwa maandishi. Piga simu. Akikwambia yuko sawa, msikilize anavyosema.

Na nyinyi mnaoheshimu mila kama mimi, sisemi muache. Wazee wetu walituwekea mpaka na wakwe, ndiyo. Hawakutuwekea mpaka na watoto wetu. Huo niliuweka mimi, kwa sababu nilipenda kusifiwa kwamba nina adabu kuliko wengine. Ningevunja heshima mara moja tu, nikafika Matisi bila kualikwa, nikagonga mlango wa mkwe wangu mchana watu wakiniona... Wangenicheka mwezi mzima. Leo ningekuwa na mjukuu.

Nafula bado yuko Naitiri kwa Mama Simiyu, anauza mboga. Nilimwomba arudi Myanga, akasema bado. Nilienda nikawekea lile kaburi dogo blanketi ya njano, na yeye akasimama mbali kidogo mpaka nikamaliza. Nimefufua ile laini ya zamani. Namwandikia kwa simu yake mpya, ananijibu kwa meseji fupi: "Niko salama." Nikimpigia hapokei. Ananiandikia tu, kama nilivyotaka.

Jumapili iliyopita nilipiga tena baada ya kanisa, bila tumaini. Ikapokelewa. Nikaita jina lake. Hakuna neno. Nilisikia mvua kwa mabati ya Mama Simiyu, nikasikia mtu akipumua. Nikamwambia asiseme kitu kama hataki, mimi nitakaa tu hapa.

Tulikaa hivyo mpaka salio likakaribia kuisha. Kisha, kabla haijakatika, akakohoa. Kikavu, kile cha tangu utotoni.

Ni yeye. Safari hii nilimjua.